Tukio Nililolifunga Mara Kumi na Moja

Migori, Jumamosi alasiri

Awino mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga shangazi zako, na ninavyowajua hawatakuachilia kabla hujala kwa kila mmoja. Kwa hiyo nina saa mbili tatu peke yangu hapa mezani. Mambo ya basi, ya nyumba utakayofikia na ya kujilinda Nairobi baba yako amekueleza tangu Jumatatu, tena amekuandikia kwenye karatasi. Sitayarudia. Langu ni moja, na nimeshindwa kulisema kwa mdomo wiki nzima.

Jumapili tulipotoka misa ulinifuata jikoni na kijitabu chako cha mtihani wa kusimamia huduma za kompyuta. Ukasema, "Mama, niulize haya maneno, mimi nijibu. Nikikosea uniambie." Nikakwambia nina ugali motoni. Ugali ulikuwa umeshaepuliwa, uko mezani, umefunikwa. Uliuona. Ulinitazama, ukafunga kijitabu, ukaenda kukaa nje, ukawa unajiuliza na kujijibu mwenyewe kwa sauti. Mimi nilibaki nyuma ya dirisha nikisikiliza. Ulikuwa unajibu vizuri. Tukio ni nini, tatizo ni nini, badiliko ni nini, kila neno na maana yake kama ilivyochapwa, bila kukwama. Nilikuwa kama ninayejisikiliza mwenyewe, nikaona aibu hata ya kutoka nje.

Najua ulidhani sifurahii kazi uliyopata, au kwamba mambo ya kompyuta yananipita na sikutaka uone. Awino, mtihani huo niliufanya. Siyo huu wako hasa, ila ni wa ukoo mmoja, na maneno ni yale yale. Nilikuwa wa kwanza darasani. Cheti kimo ndani ya bahasha ya kaki, chini ya vyeti vyenu vya ubatizo. Hukuwahi kukiona kwa sababu sikutaka mtu akione.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kilichokulea humu ndani, baba yako na Kijaluo chake, mimi na Kikuria changu. Maneno ya kitabu chako ni ya Kiingereza lakini nitayaandika kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza niliyajua yote nisiyaelewe hata moja.

Unakumbuka tulipokuwa Homa Bay nilifanya kazi hospitali, kwenye chumba cha kumbukumbu. Ulikuwa darasa la sita. Wafadhili walileta kompyuta chache, moja maabara, moja kwetu, na moja wodi ya akina mama wajawazito pamoja na printa. Mtu wa maabara akimaliza kupima damu anaandika majibu kwenye mashine yake, na karatasi inatoka kule wodini bila mtu kutembea nayo. Tuliona ni muujiza. Akina mama waliolazwa walikuwa wanainua vichwa kuitazama printa ikilia.

Wafadhili walitaka pawe na mtu wa kusimamia huduma ya mashine hizo. Wakamtuma mwalimu kutoka Nairobi atufundishe juma moja, halafu mtihani. Atakayeongoza ndiye atakayepewa meza, simu na daftari la matukio. Tulikuwa sita. Nilikaa dawati moja na Peres, msaidizi wa wodi ile.

Peres humkumbuki, au labda unakumbuka yule mama Msabato aliyekuwa akikuletea njugu ukipita hospitali baada ya shule. Mwanamke mrefu, mwenyeji wa huku Suna, si mbali na Masara. Alisoma hadi kidato cha pili. Kiingereza kilimpa shida. Mwalimu akisoma maana ya neno, Peres ananigusa mkono na kuuliza, "Amesema nini?" Namtafsiria neno kwa neno. Mchana tunapokula nyuma ya chumba cha kufulia, ananirudishia kwa njia yake.

Siku ya pili nilikuwa nimechanganyikiwa kabisa. Nilikuwa nimekariri maana zote lakini mwalimu akigeuza swali kidogo tu napotea. Nikamwambia Peres, mimi tukio na tatizo naona ni kitu kimoja, wazungu wameongeza maneno tu. Akacheka.

"Mama Awino, si kitu moja. Sikia. Ng'ombe yangu imetoka bomani, iko kwa mahindi ya jirani. Hiyo ndiyo tukio. Jirani anapiga kelele. Yeye hataki kusikia ua yangu iko na shimo wapi. Anataka ng'ombe itoke kwa mahindi yake saa hii. Nikitoa ng'ombe, tukio imeisha, nafunga."

"Na tatizo?"

"Tatizo ni ile kitu inafanya ng'ombe itoke. Inaweza kuwa shimo kwa ua. Inaweza kuwa kamba imeoza. Kama sijui bado, hiyo ni tatizo na lazima nitafute. Nikijua ni shimo, na bado sijaziba, sasa ni kosa inayojulikana. Naweza kuweka miiba hapo nikingoja mvua nipande ua mpya. Ile miiba ndiyo njia ya muda. Na kama pale pa kupanda ni njia ya watu kwenda mtoni, siwezi kuamka tu nipande. Niwaambie kwanza. Hiyo ndiyo badiliko."

Nilibaki nimeshika kijiko. Siku mbili za mwalimu zilikuwa zimeingia ndani ya boma moja. Nikamwambia, "Peres, ungesoma wewe ungekuwa mbali." Akasema, "Niko hapa na nakula, inatosha."

Mtihani ulipokuja, maswali yalikuwa marefu, yamepindwapindwa, lipi kati ya haya si la namna hii isipokuwa lile. Niliona Peres akisoma swali moja huku midomo inacheza, akirudia tangu mwanzo. Mimi niliona maneno niliyoyakariri, nikaweka alama, nikaendelea. Niliongoza. Peres alianguka kwa maswali mawili. Mwalimu alinisimamisha mbele akaniuliza, kwa maneno yangu mwenyewe, tofauti ya tukio na tatizo ni nini. Nikasema habari ya ng'ombe na ua. Akafurahi sana, akasema hajawahi kusikia mfano mzuri kama huo. Peres alikuwa amekaa pale. Nilingoja tu makofi yaishe.

Hilo ndilo la kwanza ninaloona aibu nalo, na ni dogo kuliko yote.

Nikapewa meza. Daftari lilikuwa na mistari: siku, aliyeripoti, kilichotokea, kilichofanyika, na mwisho safu ya kuandika limefungwa. Kila mwezi nilituma ripoti kwa wafadhili, matukio mangapi yameingia, mangapi yamefungwa. Ukiwa na tatizo lililo wazi lazima ulieleze, fundi aitwe kutoka Kisumu, watu waulize. Ripoti yangu ilikuwa safi mwezi baada ya mwezi. Waliniandikia barua ya pongezi, mganga mkuu akaibandika ukutani. Nilikuwa nikipita hapo kila asubuhi hata kama sina shughuli upande ule.

Printa ya wodini ndiyo iliyokuwa inasumbua. Siku nyingine ilikuwa inakwama, halafu ikiamka inatoa karatasi yenye jina la mgonjwa mmoja na majibu ya mwingine aliyemtangulia. Mara ya kwanza muuguzi aligundua kwa sababu majibu yalionyesha mtoto wa miezi na yeye alikuwa na mama mjamzito. Akanipigia. Nikaenda, nikazima zote, nikawasha, karatasi ikatoka sawa. Nikaandika: printa imezimwa na kuwashwa, limefungwa. Likatokea tena. Nikazima, nikawasha, nikaandika. Ilikuwa kazi ya dakika kumi, na wauguzi walinishukuru kila mara. Nilijiona fundi.

Mara ya tisa Peres alikuja mezani kwangu wauguzi wawili wakiwepo. Alikuwa na karatasi aliyoichana kwenye kalenda ya mwaka uliopita, nyuma yake ameandika tarehe zote tisa kwa kalamu ya risasi. Pembeni ya kila tarehe ameandika: stima ilipotea, jenereta. Zote tisa.

Akasema, "Mama Awino, hii si tukio tisa. Ng'ombe ni ile ile. Ua iko na shimo hapa kwa jenereta."

Wauguzi wakacheka kwa kuelewa, na walikuwa wanamtazama yeye, si mimi. Mwanangu, nakuandikia hili nikiwa na aibu hata mbele ya karatasi. Nilimwambia, "Peres, wewe mtihani ulianguka. Haya maneno niachie mimi."

Aliweka karatasi mezani, akaisukuma kwangu kwa kidole, akaondoka. Wauguzi nao wakakumbuka kazi. Mimi nikaifungia karatasi kwenye droo. Nilijua ni kweli. Nataka uelewe hapo vizuri, usije ukanitetea moyoni: sikukosa kuelewa. Siku ile nilielewa kuliko siku zote. Lakini kufungua tatizo kungekuwa kukubali mbele ya hospitali nzima kwamba nilikuwa nikiswaga ng'ombe mara tisa bila kuutazama ua, na kwamba aliyeutazama ni mtu aliyeanguka mtihani.

Ya kumi ikapita. Nikafunga.

Ya kumi na moja ilikuwa alasiri. Stima ilipotea, jenereta ikanguruma. Siku hiyo Peres ndiye aliyekuwa zamu wodini. Akapiga simu akasema printa imekwama, na kwamba kuna karatasi ilikwisha kutoka na kuchukuliwa kabla hajafika, nije. Nilikuwa naandika ripoti ya mwezi. Nikamwambia, "Si unajua cha kufanya? Zima, washa." Akasema, "Na ile karatasi imeshaenda?" Nikasema, "Wakiona kasoro watarudi." Nikaandika mstari wa kumi na moja, limefungwa, nikaenda nyumbani kuwapikia.

Karatasi ile ilikuwa na jina la Akeyo, mwanamke wa kisiwa cha Mfangano, mimba ya miezi saba. Alikuwa amevuka ziwa kuja kwa sababu alikuwa akichoka hata kuinua kikombe. Daktari wa zamu alisoma karatasi: damu inatosha. Akampa vidonge, akamwambia apumzike, arudi baada ya mwezi. Damu ile ilikuwa ya mwanamke mwingine aliyepimwa kabla yake. Ya Akeyo, kwenye kitabu cha maabara, ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu. Peres alizunguka wodi nzima akiitafuta karatasi. Akeyo alikuwa ameshashuka nayo kuelekea bandarini, na Peres hakujua imeandikwa jina la nani.

Siku ya nne walimrudisha wakiwa wamembeba kwenye blanketi. Mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Mama akaokolewa kwa shida sana.

Kulikuwa na kikao. Msimamizi wa hospitali, daktari, mkuu wa wauguzi, Peres na mimi. Msimamizi alilaza kitabu cha maabara na ile karatasi pamoja, akauliza, "Kasoro hii imewahi kuonekana kabla?" Nikafungua daftari langu. Nikasema imewahi kuonekana, lakini kila mara ilitengenezwa na kufungwa. Akauliza, "Kuna mtu yeyote aliyewahi kusema kwamba ni jambo moja linalojirudia?"

Peres akasema, "Mimi. Nilimpa Mama Awino karatasi, na tarehe zote."

Wote wakanigeukia. Msimamizi akaniuliza, "Karatasi gani?"

Nikasema, "Sijaona karatasi."

Wale wauguzi wawili hawakuitwa, na hakuna aliyewauliza. Peres hakupiga kelele. Alinitazama tu, kwa mshangao, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Walisema yeye ndiye aliyekuwa zamu na ndiye aliyeiacha karatasi iende. Mwisho wa juma alikuwa hana kazi.

Nilirudi nyumbani nikakukuta unafanya hesabu za shule. Ukaniuliza mbona Mama Peres hakuwepo getini. Nikasema amehama. Ulikuwa uongo wangu wa pili siku hizo, na ulitoka kwa urahisi zaidi.

Nilikaa mwaka mzima kwenye meza ile. Nilitaka kuichoma karatasi ya Peres, nikashindwa, nikaileta nyumbani nikaificha. Printa ilikwama tena, bila shaka, na kila ikikwama nilikuwa nakimbia, Awino, nakimbia kweli mpaka wagonjwa wananishangaa, nakagua kila karatasi kwa mkono. Lakini kumwita fundi sikuweza, kwa sababu fundi angeuliza limeanza lini.

Siku moja nilikuja huku Migori kumwona dani yako, mama wa baba yako, na mama mmoja sokoni akaniambia Peres yuko Masara, anaponda mawe ya dhahabu. Sikulala vizuri kwa dani. Asubuhi nikaenda.

Nilimkuta juani na wanawake wengine, kila mmoja na nyundo yake na rundo la mawe, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Wanaume wanatoa mawe chini, wanawake wanayaponda. Mikono yake ilikuwa imepasuka. Aliniona, akaendelea kuponda mpaka jiwe lile likaisha. Ndipo akasema, "Mama Awino. Umeleta nini?"

Nikasema nimekuja kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno mengi njiani, yakatoka yote kwa fujo, na machozi. Wanawake wengine wakaacha nyundo wakasikiliza. Alinisubiri nimalize.

"Mimi nilipoteza kazi," akasema. "Kazi ni kazi. Yule mama wa Mfangano, ulienda kwake?"

"Bado."

"Printa umetengeneza?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi umekuja kunifunga," Peres akasema. "Unataka kuandika kwa kitabu yako: Peres, imefungwa." Akachukua jiwe lingine. "Rudi ukafungue."

Sijawahi kupigwa na mtu mzima, lakini nadhani ndivyo kunavyokuwa. Wala hakusema kwa hasira. Alikuwa ananifundisha, kama vile nyuma ya chumba cha kufulia.

Nilirudi Homa Bay, nikaingia kwa msimamizi na karatasi ya kalenda mkononi. Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama. Akaisoma pande zote mbili. Akaniuliza kwa nini naamsha mambo yaliyokwisha, na mimi nikamwambia printa bado inakwama. Hapo akainua simu. Fundi aliitwa kutoka Kisumu. Alipata hitilafu pale umeme wa jenereta unapoingia, akabadilisha kifaa kimoja na kurekebisha programu, akaondoka. Nusu siku, Awino. Aliwasili saa nne, na saa nane alikuwa anakunywa chai.

Nikaandika barua ya kujiuzulu kabla hawajaniambia. Peres aliandikiwa barua ya kumsafisha jina na kumrudisha. Barua aliichukua, kazi akaikataa. Alisema hawezi tena kukaa mahali ambapo mtu akisema kweli anaulizwa karatasi gani. Siku hizi ana duka la vifaa vya wachimbaji hapo hapo Masara. Tukikutana sokoni tunasalimiana. Hatujawahi kukaa tukala pamoja tena, na mimi siombi.

Tulikwambia tumehamia Migori kumtunza dani. Dani alikuwa mgonjwa, hilo ni kweli. Lakini tulihama kwa sababu hii. Baba yako alijua siku ya barua, na tangu siku hiyo hajanitajia hata mara moja. Wakati mwingine natamani angenitajia. Wewe ulilia kuacha shule yako na marafiki zako, ukaniambia mimi nampenda dani kuliko wewe. Nilikuacha uamini hivyo. Bora uamini hivyo kuliko ujue, ndivyo nilivyofikiri. Naomba unisamehe kwa hilo ukiweza, na usipoweza nitaelewa.

Sasa dunia nzima inaogopa kwamba mwaka elfu mbili ukifika kompyuta zote zitazimika, na makampuni yanatafuta vijana kama wewe mbio mbio. Utapata cheti. Sina wasiwasi hata kidogo, nilikusikia nje ya dirisha. Wasiwasi wangu ni siku ile utakapokuwa na meza na daftari na barua ya pongezi ukutani, aje mtu mwenye Kiingereza kibovu na karatasi ya kalenda, mbele ya watu. Sijui nikwambie nini kuhusu siku hiyo. Mimi mwenyewe sikuwa nimekosa mafundisho. Nakwambia tu kwamba itakuja, na haitakuwa na sura ya mtihani. Itakuwa na sura ya mtu anayekuaibisha.

Limebaki moja. Mfangano.

Baada ya Masara nilijiambia nitaenda mwezi ujao. Ikawa miaka. Nilikuwa na sababu kila mara: mvua, dani, ada yako, ugonjwa wangu wa goti. Agosti iliyopita nilipowaaga kwamba naenda semina ya akina mama wa kanisa, nilienda Mfangano. Semina haikuwepo.

Nilimkuta Akeyo ufukweni anaanika dagaa wa omena kwenye nyavu. Mwanamke mdogo kuliko nilivyomfikiria. Nilikuwa sijawahi kumwona uso. Hebu fikiria, miaka yote hiyo nalibeba jina lake na sijui uso wake. Nikamwamkia kwa Kijaluo, nikamwambia nilikuwa nafanya kazi hospitali Homa Bay wakati ule. Akajipangusa mikono, akaniambia nikae kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Akadhani nimeleta habari za dawa.

Nikamwambia. Kwamba karatasi waliyoisoma siku ile haikuwa na majibu ya damu yake, ilikuwa na ya mtu mwingine. Kwamba mashine ilikuwa na kasoro, kwamba mimi ndiye niliyekuwa mwenye mashine hizo, kwamba niliambiwa na sikusikia. Kwamba majibu yake ya kweli yangesomwa, wasingemruhusu kuondoka.

Hakulia. Aliniuliza kitu ambacho sikukitegemea hata kidogo. Aliniuliza, "Kwa hivyo si ile safari?"

Sikuelewa. Akanieleza polepole. Kabla ya kwenda hospitali alikuwa amekwenda mazishi kwao bila ruhusa ya mama mkwe, akalala huko. Mtoto alipokufa walisema ni chira, laana ya mtu aliyevunja mwiko. Mume alioa mwingine. Akeyo aliachwa kwenye nyumba ya nyuma, na watoto wa boma walikatazwa kula kwake. Miaka sita. Na yeye mwenyewe aliamini. Kila siku ya miaka hiyo sita aliamini kwamba alimuua mtoto wake kwa miguu yake.

Nilifikiri kosa langu lilikuwa kumnyima mtoto. Kumbe nilikuwa nimemwachia na hili, na ningeweza kumwondolea mwaka wa kwanza, au wa pili, au wa tatu. Wakati mimi nangoja goti lipoe.

Akasimama. Akaniambia, "Njoo." Tukapanda mpaka bomani. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni anachambua mboga, mzee sana, masikio yake mazito. Akeyo akasimama mbele yake, akanionyesha mimi kwa mkono wote, akasema, "Mwambie."

Nikamwambia, tangu mwanzo. Mzee akasikiliza. Mke mwenza akatoka akasimama na mtoto mgongoni. Majirani wawili wakaja kwenye ua. Nilipomaliza, mume wa Akeyo akaingia kutoka ziwani na makasia begani, akauliza huyu ni nani.

Akeyo alinigeukia mimi, na sauti yake sasa ilikuwa imepanda, ya mtu mwenye haki yake.

"Sema tena," akasema. "Sema polepole, na utaje jina lako."

Nikataja jina langu, nikasema tena.

Mama yako,
Boke